Maji yazunguke, chumvi iende wapi? Shajara ya mradi wa maji kiwandani

Januari

Shajara hii nawaandikia wenzangu wa viwanda vikubwa ambao, kama sisi, wameagizwa na uongozi wapunguze maji na wakapewa mwaka mmoja. Kiwanda chetu ni cha nguo. Tunapokea kitambaa kibichi cha pamba, tunakitoa wanga, tunakipausha, tunakitia rangi, tunakikausha na kukimalizia. Nyuma ya kazi hiyo kuna maboila ya mvuke, minara ya kupoozea maji, mtambo wa kulainisha maji na mtambo wa kusafisha majitaka. Kila kimoja kina mafundi wake wanaokijua kuliko mchoro wowote.

Nilipokabidhiwa mradi, mezani palikuwa na pendekezo la kununua mtambo wa osmosisi kinyume (unaoyasukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba unaoizuia chumvi), kuufunga mwishoni mwa bomba la majitaka na kuyarudisha maji mwanzoni mwa kazi. Ni pendekezo lililoandaliwa kwa uangalifu, lakini nimeomba lisubiri. Utando wa osmosisi huyatenga maji na chumvi, hauiangamizi chumvi. Idara yetu ya rangi hutumia chumvi kwa magunia, na karibu yote hutoka na majitaka. Tukiyarudisha maji kabla ya kujua chumvi itaelekea wapi, tutakuwa tumelihamisha tatizo kutoka bomba kubwa hadi bomba dogo lenye uchafu mkali zaidi.

Kwa hiyo tunaanza kwa kujua maji yanakwenda wapi. Kisha tunapunguza pale pale yanapotumika. Kisha tunayatumia tena yale ambayo bado ni safi. Utando utakuja mwisho, ukiwa mdogo kadiri tutakavyoweza kuufanya.

Kabla ya kupima chochote, nimewaomba wenzangu tukubaliane kuhusu tofauti moja ambayo taarifa nyingi za viwanda huificha bila kukusudia. Maji yanayochotwa na maji yanayopotea ni vitu viwili. Lita inayopita kwenye mashine ya kusuuzia na kurudi mtoni ikiwa imesafishwa imechotwa, lakini haijapotea. Lita inayopaa kama mvuke kutoka kwenye mnara imepotea kwa bonde lile la mto. Duniani, viwanda huchukua takriban asilimia 20 ya maji yasiyo ya chumvi yanayochotwa, na kilimo takriban asilimia 70. Fungu la viwanda laonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba viwanda hujikusanya mahali pamoja, mara nyingi kwenye mto mmoja au kisima kirefu kimoja ambacho wakazi nao wanakitegemea.

Februari

Mwezi wa mizania. Maji yanayoingia lazima yalingane na yanayotoka, yanayopaa na yanayobaki ndani ya bidhaa. Kwenye kitambaa kilichokaushwa hayabaki mengi, kwa hiyo kwetu ni kuingia, kutoka na kupaa.

Kiwanda kilikuwa na mita kwenye bomba kuu na kwenye visima, na ndani yake karibu hakuna. Tumeazima mita za mawimbi ya sauti ambazo hufungwa nje ya bomba bila kulikata, na tumezihamisha kutoka idara hadi idara. Kama ni lazima uchague wakati mmoja wa kupima, pima usiku wa kusimamisha mashine. Maji yanayopita wakati hakuna mashine inayofanya kazi yanakwenda mahali ambapo hakuna aliyeyaita. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la bari 4 hutoa takriban lita 10,000 kwa siku. Ukiona dimbwi dogo chini ya kiungo cha bomba, usilihukumu kwa udogo wake.

Kazi iliyotupa faida kubwa zaidi mwezi huu ilifanyika kwenye jedwali. Kwa kila mahali maji yanapotumika tumeandika mambo mawili: ubora ambao kazi ile inauhitaji kweli, na ubora wa maji yanayotoka hapo. Joto, ugumu (yaani madini ya chokaa ndani ya maji), rangi, uwezo wa kupitisha umeme (ambao ndio njia ya haraka ya kukisia chumvi), na kama kuna mafuta. Jedwali lilipojaa, sura ya kiwanda ilibadilika. Sakafu za idara ya kupausha zinaoshwa kwa maji yaliyolainishwa, yale yale yanayoingia kwenye rangi. Maji ya kupoozea ndani ya mashine za rangi, ambayo hayagusi kitambaa wala dawa, yanatoka yakiwa safi na moto, kisha yanamwagwa kwenye mfereji mmoja na majitaka yenye rangi.

Hilo la mwisho tumeanza nalo, kwa kuwa halihitaji kusafisha chochote. Ni tangi, pampu na bomba. Maji hayo yanakusanywa na kurudi kama maji moto ya kazi inayofuata. Na faida yake ni zaidi ya maji: kupasha mita moja ya ujazo kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 60 kunahitaji takriban kilowati-saa 41 za joto. Kila mita ya ujazo ya maji moto tuliyokuwa tukiimwaga ilikuwa ikiondoka na kuni zake.

Machi

Minara ya kupoozea. Kwenye viwanda vingi vikubwa, mnara ndio mnywaji mkuu wa maji, na pia ndipo watu hukisia zaidi kuliko kupima.

Mnara hupooza kwa kuyapoteza maji. Sehemu ndogo inapaa, nayo hulibeba joto la sehemu kubwa inayobaki. Ukizungusha mita za ujazo 1,000 kwa saa na kuzishusha nyuzi 6, takriban mita za ujazo 10 zitapaa kila saa. Hizo huwezi kuzipunguza bila kupunguza joto lenyewe. Chumvi na madini lakini hayapai. Yanabaki kwenye beseni na kuongezeka, kama sufuria inayochemshwa kila siku na kuongezwa maji bila kuoshwa, mpaka ukoko mweupe uanze kushika. Ndiyo maana sehemu ya maji huondolewa makusudi na kubadilishwa na maji mapya.

Swali ni sehemu gani. Mafundi huhesabu mizunguko ya ukolezi: maji ya beseni yana chumvi mara ngapi kuliko maji yanayoingia. Kiasi cha kuondoa ni kile kinachopaa, ukikigawa kwa idadi ya mizunguko ukitoa moja. Kwa mnara wa mfano wetu, kwenye mizunguko 3 unaondoa mita za ujazo 5 kwa saa na kuingiza 15. Kwenye mizunguko 6 unaondoa 2 na kuingiza 12. Maji mapya yamepungua kwa asilimia 20, na maji ya kumwaga yamepungua kwa asilimia 60. Ukienda mbali zaidi, hadi mizunguko 10, unaokoa kidogo sana kuliko ulivyookoa hapo mwanzo, na hatari inapanda.

Hatari ya kwanza kwetu ni silika, madini yale yale ya mchanga. Ikizidi takriban miligramu 150 kwa lita hushika kwenye mabomba, na magamba yake ni magumu kuyatoa kuliko chokaa. Maji yenye miligramu 25 yakizungushwa mara 6 yamefika hapo hapo. Kwa hiyo idadi ya mizunguko haichaguliwi kwa ari. Huamuliwa na maji ya kisima chako, na kila kiwanda lazima kiyapime ya kwake.

Hatari ya pili ni ya watu. Mwaka 1976, kwenye mkutano wa wanajeshi wastaafu mjini Philadelphia, Marekani, ulizuka ugonjwa wa mapafu ulioua watu, na baadaye bakteria wake akatambuliwa na kuitwa Legionella. Hustawi kwenye maji yenye uvuguvugu, hasa kati ya nyuzi 20 na 45, na husafiri katika matone madogo yanayorushwa na minara. Anayetaka kuingiza maji yaliyorejeshwa kwenye mnara anaingiza pia chakula cha bakteria. Nimeandika sharti kwenye mpango: hakuna lita ya maji yaliyorejeshwa itakayoingia mnarani kabla ya vizuia matone kukaguliwa, dawa ya kuua vijidudu kupimwa kwa ratiba, na sampuli kupelekwa maabara. Kuhusu sharti hili sikubali mjadala wa gharama.

Tumefunga kipimo cha upitishaji umeme kinachofungua vali ya kuondolea maji chenyewe. Awali vali hiyo ilikuwa wazi kidogo mchana na usiku.

Aprili

Mvuke. Kazi fupi. Mvuke ukishatoa joto lake hugeuka maji safi kabisa, moto, yasiyo na ugumu wowote. Kuyamwaga ni kutupa maji, kuni na dawa kwa mkupuo mmoja. Tumekagua mitego ya mvuke (vali zinazoyatoa maji na kuuzuia mvuke), tumerekebisha iliyokwama, na mistari miwili iliyokuwa ikimwaga nje sasa inarudi kwenye tangi la boila. Fundi wa boila wa zamu ya usiku, mzee ambaye amekuwa akiliomba bomba hilo kwa miaka, aliniambia tu, "Mhandisi, sasa boila inapumua."

Kwenye bomba la kurudi tumeweka kipimo cha upitishaji umeme pia. Koili ya kupashia ikitoboka ndani ya mashine ya rangi, maji yenye chumvi yataingia kwenye mvuke uliopoa, na boila haisamehi.

Mei na Juni

Idara ya rangi. Hapa ndipo penye mradi wenyewe.

Kwanza nieleze chumvi inatoka wapi. Rangi tunazotumia kwa pamba ni zile zinazoungana na nyuzi kwa kemia, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956. Ndani ya maji, uzi wa pamba una chaji hasi, na rangi nayo ina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Chumvi huutuliza msukumano huo na kuisogeza rangi kwenye uzi. Kiasi chake hupimwa kwa gramu kwa kila lita ya maji ya mashine, na rangi nzito huhitaji gramu 60 au zaidi. Uzi hauitumii chumvi hiyo. Ikishamaliza kazi, hutoka yote. Sehemu ya rangi nayo hushindwa kuungana na lazima isuuzwe, ndiyo maana kitambaa kinatiwa rangi mara moja na kusuuzwa mara nyingi.

Fikiri sasa kuhusu uwiano wa maji na kitambaa. Mashine inayotumia lita 10 kwa kila kilo huweka lita 10,000 kwa tani moja ya kitambaa. Kwa gramu 60 kwa lita, hiyo ni kilo 600 za chumvi. Mashine ya lita 5 kwa kilo, kwa mapishi yale yale, inaweka kilo 300. Nusu ya maji, nusu ya chumvi, nusu ya mvuke wa kupashia. Nimeichora hesabu hii ubaoni kwenye kila kikao tangu Mei, kwa sababu inabeba mradi mzima. Maji unayoyapunguza kabla ya kutumika huondoka na chumvi yake. Maji unayoyarejesha baada ya kutumika hukuachia chumvi yote mkononi.

Mashine haibadilishwi kwa mwezi mmoja, kwa hiyo tumeanza na kusuuza. Mtindo wa zamani ulikuwa kufungua maji yaingie juu na kufurika huku kitambaa kikizunguka, mpaka maji yaonekane safi kwa jicho. Ukifurisha, maji safi yanachanganyika na machafu kabla hayajafanya kazi yoyote, na sehemu kubwa yanatoka yakiwa yametumika nusu nusu. Tumebadilisha: jaza, zungusha, mwaga kabisa, jaza tena.

Kwenye mistari inayokwenda bila kusimama, ambako kitambaa hupita kisanduku baada ya kisanduku, tumepanga maji yaende kinyume na kitambaa. Maji mapya yanaingia kisanduku cha mwisho, ambako kitambaa ni kisafi zaidi, kisha yanarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kile cha kwanza, ambako kitambaa ni kichafu zaidi. Wenye viwanda vya kupaka vyuma madini wameijua mbinu hii tangu zamani. Tuseme kila lita ya maji machafu inayobebwa na bidhaa inahitaji kupunguzwa uchafu mara 1,000. Kwa kisanduku kimoja utahitaji lita 1,000 za maji safi. Kwa visanduku viwili vilivyopangwa kinyume, lita 32 hivi. Kwa vitatu, lita 10.

Namba hizo ni za uchafu unaoelea juu ya kitu. Kwenye nguo rangi imekaa ndani ya uzi na hutoka polepole, kwa joto na muda, kwa hiyo hatupati faida yote ya karatasini. Tumepata ya kutosha kiasi kwamba mstari wa kupausha umefungiwa moja ya mabomba yake mawili ya maji mapya.

Baada ya kupausha kuna mabadiliko mengine ninayoyapenda sana. Haidrojeni peroksaidi, dawa ya kupaushia, ikibaki kwenye kitambaa huiharibu rangi, kwa hiyo zamani tulisuuza mara kadhaa kuiondoa. Sasa tunatumia kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Suuzo zile zimeondoka kwenye mapishi, na kwa baadhi ya vitambaa rangi inaanzishwa ndani ya maji yale yale.

Upinzani ulikuwepo, na ulikuwa wa haki. Fundi mkuu wa rangi anawajibika kwa kila roli linalorudishwa na mteja kwa sababu rangi imechuja. Kitambaa kikirudiwa kutiwa rangi, maji yote yaliyookolewa kwa wiki nzima yanaweza kumalizika siku moja. Tumekubaliana naye kwamba kila badiliko lipitie jaribio la kuchuja rangi maabara kabla halijaingia kwenye mashine kubwa, na kwamba yeye ndiye anayetia saini. Kuanzia hapo kasi yetu imeongezeka, kwa kuwa mafundi wa zamu wanamwamini.

Julai

Nimetumia sehemu ya mwezi kusoma wenzetu wamefanya nini, maana tatizo hili si la nguo peke yake.

Kalundborg, Denmark, ndiko kwenye mfano wa zamani ninaoupenda. Tangu mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta cha huko kililetewa maji ya ziwa Tissø ili maji ya ardhini yasikamuliwe, na baadaye viwanda jirani vikaanza kubadilishana maji, mvuke na mabaki, taka ya mmoja ikawa malighafi ya mwingine. Terneuzen, Uholanzi, kampuni ya kemikali ya Dow inatumia majitaka ya mji yaliyosafishwa kutengenezea mvuke, kisha maji yanayotokana na mvuke huo yanakwenda kwenye minara. Lita ile ile inafanya kazi tatu: nyumbani, kwenye boila, mnarani. Singapore nayo imekuwa ikitengeneza maji ya NEWater kutokana na majitaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wateja wake wakubwa ni viwanda, vikiwemo vya chipu za elektroniki vinavyohitaji maji safi kupindukia.

Nestlé ilifungua mwaka 2014 mfumo wa kurejesha maji kwenye kiwanda chake cha maziwa ya unga huko Lagos de Moreno, Meksiko. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 88. Ukiyakausha, mvuke wake ukipoozwa na kusafishwa unakuwa maji ya kiwanda. Nilijiuliza siku nzima kama kwetu kuna maji ya namna hiyo, yaliyofichwa ndani ya malighafi. Hakuna. Pamba inaingia kavu.

Viwanda vya elektroniki vimejifunza kwa ukame. Mwaka 2021 Taiwan ilipata ukame mkali, na kampuni ya chipu ya TSMC, ambayo tayari ilikuwa ikirejesha sehemu kubwa ya maji yake, ililazimika kuagiza maji kwa malori. Urejeshaji hupunguza utegemezi, hauuondoi.

Lakini mahali palipotuhusu kuliko kote ni Tirupur, jimbo la Tamil Nadu, India. Ni mji wa nguo za pamba kama zetu, wenye mamia ya viwanda vya rangi kando ya mto Noyyal. Kwa miaka mingi majitaka yenye rangi na chumvi yaliingia mtoni, kwenye visima na kwenye bwawa la Orathupalayam lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji. Wakulima walikwenda mahakamani. Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya rangi na kupausha vifungwe mpaka vifikie sharti la kutotoa majitaka kabisa. Vilivyofunguliwa tena vimejenga mitambo ya utando na vivukizi (mitambo inayoyageuza maji kuwa mvuke na kuiacha chumvi), vinarejesha maji, na vinarejesha pia chumvi, ambayo huingia tena kwenye mashine za rangi.

Nimeweka habari hii mbele ya uongozi. Rangi ya majitaka ilionekana na kila mtu na ingeweza kuondolewa. Chumvi haikuonekana, na bakteria wa mitambo ya kawaida ya kusafishia majitaka hawaigusi. Chumvi ndiyo iliyoharibu visima na mashamba.

Agosti na Septemba

Jaribio la utando, kwa mtambo mdogo wa kukodi. Majitaka yanapita kwanza kwa bakteria, kisha kwenye utando wa matundu madogo unaozuia tope, kisha osmosisi kinyume. Wazo lenyewe si geni: Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa kwanza wenye manufaa huko UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, mnamo miaka ya 1959 na 1960, na mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukawa na mtambo wa kusafisha maji ya chumvi kwa njia hiyo.

Kwetu, wiki za kwanza zilikuwa nzuri, kisha shinikizo likaanza kupanda na maji yakapungua, hata baada ya kuosha utando kwa dawa. Kipande kilichofunguliwa kilikuwa na utelezi usiotoka. Maabara imetambua silikoni, kutoka kwenye kilainishi tunachotia kitambaa mwishoni ili kiwe laini mkononi. Kilainishi hicho ni kidogo sana kwa ujazo, lakini mabaki yake yalikuwa yakimwagwa kwenye mfereji ule ule wa wote.

Dawa yake haikuwa utando bora zaidi. Tumeutenga mfereji wa idara ya kumalizia, na mabaki ya mabeseni yake sasa yanakusanywa peke yake. Tulipoanza kutenga tukaendelea. Maji ya kutia rangi, machache na yenye chumvi nyingi, yana bomba lake. Maji ya suuzo za mwisho, mengi na karibu masafi, yana lake. Mabaki yenye kostiki soda kali yana tangi lake, kwa kuwa yakikolezwa yanaweza kutumika tena. Nikiulizwa fedha za mradi huu ziende wapi kwanza, nitasema kwenye mabomba ya kutenganisha. Mifereji iliyochanganywa huifanya kila lita iwe chafu kama ile chafu kuliko zote.

Tangu tutenganishe, suuzo za mwisho zinapita kwenye utando bila shida. Tunapata takriban robo tatu ya maji yakiwa safi, na robo iliyobaki inabeba karibu chumvi yote, yenye ukolezi mara nne ya ule ulioingia.

Oktoba

Kikao kuhusu namba ya kuripoti. Makao makuu yanataka asilimia ya maji yaliyorejeshwa. Nimepinga kwa maandishi, na hesabu yangu ni hii. Kiwanda kinachochota 100 na kurejesha 100 kinatumia jumla ya 200, na kinaripoti asilimia 50. Kikipunguza mahitaji yake mpaka 120, kikachota 70 na kurejesha 50, kinaripoti asilimia 42 hivi. Kimepunguza maji kinayochota kwa asilimia 30, na ripoti inasema kimerudi nyuma. Kipimo cha namna hiyo humlipa anayesukuma maji mengi kwenye duara.

Tumekubaliana kuripoti lita zinazochotwa kwa kila kilo ya kitambaa kizuri kinachotoka, lita zinazopotea kwa kupaa, na kilo za chumvi zinazotoka nje ya ukuta. Makampuni ya vinywaji yamezoea kipimo cha kwanza: Coca-Cola ilitoka lita 2.7 kwa kila lita ya kinywaji mwaka 2004 hadi chini ya lita 2. Ni maendeleo ya kweli, ingawa namba hiyo ni ya ndani ya kiwanda na haigusi shamba la miwa. Sisi nasi tuna shamba nyuma yetu. Levi's ilipohesabu maisha ya suruali moja ya jinzi aina ya 501 ilipata lita 3,781, na sehemu kubwa ilikuwa ya kukuza pamba. Nimeomba ununuzi wa pamba uingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao, kwa kuwa hakuna vali ndani ya ukuta wetu inayoweza kufikia maji hayo.

Novemba

Chumvi, sasa uso kwa uso.

Maji ya kutia rangi, yaliyotengwa, tumeyapitisha kwenye utando wa nano. Utando huu hushika rangi na madini mazito, na huiruhusu sehemu kubwa ya chumvi ya kawaida kupita na maji. Kinachotoka upande wa pili ni maji ya chumvi yasiyo na rangi. Fundi mkuu ameyatumia kwenye sampuli za rangi nyeusi na bluu nzito, akipunguza chumvi mpya kwa kadiri ya iliyomo tayari, na vipande vimepita jaribio. Kwa rangi nyepesi bado hajaridhika, nami namuunga mkono asubiri. Tumeamua pia kuacha kuchanganya aina mbili za chumvi, ya kawaida na ya salfeti, kati ya mashine na mashine, maana utando wa nano huizuia salfeti pamoja na rangi, na mchanganyiko huo haurejesheki kirahisi.

Inayobaki ni robo ya utando wa osmosisi. Mshauri anapendekeza kivukizi, kisha mtambo wa kuifanya chumvi iwe fuwele, ili hata tone lisitoke. Inawezekana, ila umeme wake lazima uangaliwe kwa macho mawili. Osmosisi kwa maji kama yetu hutumia takriban kilowati-saa 1 hadi 2 kwa mita ya ujazo. Kivukizi cha maji ya chumvi kali hutumia 20 hivi, na kutengeneza fuwele hufika 50 au zaidi. Mwisho wa yote unapata chumvi iliyochanganyika na mabaki ya kemikali, ambayo nayo yataka mahali salama pa kuhifadhiwa.

Sipingi kivukizi. Ukubwa wake ndio unaonihangaisha. Tukikiagiza leo, tutakinunua cha chumvi ya mashine za lita 10, kisha tutalazimika kukilisha miaka yote. Pendekezo nililowasilisha wiki hii linageuza foleni: mashine tatu za zamani zibadilishwe na za uwiano mdogo, maji ya chumvi ya rangi nzito yaendelee kurudi mashineni, chumvi ipimwe kwenye kila mfereji kwa msimu mzima, na hapo ndipo kivukizi kipimwe kwa kile kitakachokuwa kimebaki. Mkuu wa fedha ameuliza kwa nini tununue mashine za rangi kwa bajeti ya maji. Nimemrudishia hesabu ya ubaoni, kilo 600 na kilo 300, pamoja na bei ya umeme wa kukausha tofauti yake. Ameomba wiki mbili. Wakati huo tunafunga vipimo vya upitishaji umeme kwenye mifereji minne iliyobaki, tukianza na ule wa mashine kubwa ya rangi nyeusi.